Nyasi Zilizowekwa Mlangoni

Mimi ni mtu wa kushuku. Nalisema mapema msije mkasema sikuwaonya. Ukinisalimia leo kwa furaha kuliko jana, najiuliza unataka nini. Ukiniletea parachichi zuri kuliko yale uliyobakiza kwako, nalinusa kwanza. Marehemu mume wangu alikuwa akisema kwamba siku nitakapofika mbinguni sitaingia mpaka nimwone aliyepima kiwanja cha huko. Nikikumbuka nacheka, ingawa sidhani kama alikuwa akitania sana.

Kwa hiyo kila Desemba akina mama wa jumuiya wanaponiomba niwaeleze juu ya upendo wa Mungu na maana ya Noeli, huwa nasita. Wao wanataka maneno laini, ya kupangusia machozi. Mimi ninayo habari moja tu ya Noeli ambayo naijua kwa ukweli, na ndani ya habari hiyo mkosaji ni mimi. Basi naiandika, maana nikiisimulia kwa mdomo wananikatiza.

Nilizaliwa Nshambya, mjini Bukoba, kwa watu wa Kilutheri, katika nyumba yenye sakafu ya saruji ambayo mama yangu aliipiga deki mpaka ikawa inateleza. Kwetu tulisema Krismasi. Nikaolewa Izigo, kwa Wakatoliki, ambao walisema Noeli, nami nikabadili dhehebu na neno kwa mpigo mmoja. Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Uhuru ulikuwa umeshazoeleka, hata wasichana waliozaliwa nao walikuwa wanavunja ungo. Kila mtu aliitwa ndugu, na kila ndugu alichunguzwa. Ukionekana na sukari kilo mbili, wewe ni mlanguzi. Usipoonekana kwenye shamba la kijiji siku ya zamu yako, wewe ni kupe. Balozi wetu wa nyumba kumi alijua nani amepika nini, na kama hakujua alipita kunusa. Wengine walilalamika. Mimi kwa tabia yangu nilijiona nimefika nyumbani.

Mume wangu alikuwa karani mjini Bukoba. Alikuja Jumamosi kwa basi, akaondoka Jumatatu alfajiri. Mimi nilibaki na kibanja, yaani nyumba na migomba na mibuni inayoizunguka, na jirani zangu wakubwa walikuwa ukoo wake. Mama mkwe alikuwa ameshafariki kabla sijaolewa. Hilo mlishike, kwa sababu mambo mengi ambayo mwanamke huambiwa na mama mkwe wake jikoni, mimi sikuambiwa na mtu. Mkubwa wa ukoo alikuwa kaka wa marehemu baba mkwe. Nilimwita Tata, yaani Baba, kama walivyomwita wote. Alikuwa mjumbe wa kamati ya kijiji, mtu wa koti hata jua likiwaka, anayeongea polepole ili usimsahau.

Kabla ya Noeli ninayoizungumzia nilikuwa nimezika watoto wawili. Wa kwanza alizaliwa bila kulia. Wa pili alikuwa na miezi minne. Homa ilimpanda adhuhuri, na jua lilipozama nilikuwa namfunika uso. Padri alikuja, mtu mwema, akaniambia kwamba Mungu ananipenda. Nikaitika, "Ndiyo, Padri." Moyoni nikasema, kama hivi ndivyo anavyopenda, basi awapende na majirani. Nilimshuku Mungu wazi kabisa, kama ninavyomshuku mtu wa mizani anayeweka kidole. Lakini sikuacha kwenda kanisani hata Jumapili moja. Mtu unayemshuku humwachi akutoke machoni.

Mtoto wa tatu, msichana, alizaliwa wakati wa mvua za senene, wakati watoto wa kijiji wanarudi kutoka vilimani na vibuyu vimejaa panzi. Nilimficha kama sukari. Nilimruhusu mkunga amshike, na baba yake, na mimi mwenyewe. Mtu mwingine akinyoosha mikono nilisema mtoto amelala, hata kama mtoto alikuwa anamwangalia.

Chini ya kibanja chetu, karibu na barabara, alikaa bibi mmoja peke yake. Alikuwa mke wa pili wa mtu aliyekufa zamani. Kwa kuwa aliolewa kwenye ndoa ya wake wawili, kanisa lilimnyima komunyo, na hata baada ya mume kufa hakwenda kuomba arudishiwe. Kila Jumapili alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, na wenzake walipoinuka kwenda kupokea yeye alibaki ameinamisha kichwa. Kwa nini hakwenda kuomba? Hakuna aliyemwuliza, ila kila mtu alikuwa na jibu. Alikuwa amezaa mtoto mmoja tu, naye mtoto huyo alikufa. Na uzee ule wa peke yake, na kibanja kizuri namna ile, migomba minene kama nguzo, bila mtu wa kumsaidia! Sisi Wahaya mtu akistawi peke yake tunataka kujua mbolea yake. Mimi nilikuwa namsalimia vizuri, "Kasinge waitu," nikiwa nimefunika uso wa mtoto kwa kanga.

Sasa niwaambie juu ya nyasi. Kule Izigo, siku za kuelekea Noeli wanawake hupanda rweya, ile mbuga ya majani iliyo juu ya vibanja, kukata nyasi ndefu laini. Zikiletwa nyumbani hutandazwa sebuleni mpaka ukutani, mbichi, nyumba nzima ikanukia. Watoto hugaagaa juu yake. Wageni huvua viatu. Mtoto wa Bethlehemu alilazwa penye nyasi, basi Noeli kila nyumba inakuwa zizi, na hakuna anayeona aibu. Kwetu Nshambya kwenye saruji hatukutandaza kitu, kwa hiyo mwanzoni niliona ni uchafu, kisha nikaona ni jambo zuri kuliko yote waliyokuwa nayo. Mwaka ule nilikuwa na kichanga, na mwenye kichanga hapandi rweya. Nilikuwa nimekwisha kukubali kwamba tutakaa Noeli kwenye udongo mtupu.

Asubuhi ya mkesha nilifungua mlango, kungali na umande, nikakuta mzigo wa nyasi kizingitini.

Haukuwa umetupwa. Ulikuwa umelazwa. Nyasi zilikatwa urefu mmoja, zimefungwa mara tatu kwa kamba za mgomba, na katikati, ndani kabisa, kulikuwa na kifurushi cha jani la mgomba. Nilikifungua kwa kijiti. Ndani mlikuwa na kahawa za kutafuna, zile zinazochemshwa na majani ya harufu na kukaushwa, tano.

Msomaji asiye wa kwetu anaweza kuuliza, kahawa tano zina ubaya gani? Kahawa ya kutafuna ndiyo kitu cha kwanza anachopewa mgeni akiingia nyumba ya Mhaya. Lakini anapewa mkononi, na mwenyeji anatafuna ya kwake mbele yake, mgeni aone. Ndiyo kahawa ileile ambayo wazee waliipaka damu yao wakaila pamoja, wakawa ndugu wasioweza kudhuriana. Kitu chenye nguvu kiasi hicho, kimeachwa mlangoni, gizani, bila mtu, bila sauti, penye nyumba iliyokwisha kutoa majeneza mawili madogo! Niliingia ndani nikamfunga mtoto kifuani, nikatokea mlango wa nyuma kumwita Tata.

Alikuja na koti lake. Akazigeuza nyasi kwa fimbo. Alipoziona zile kahawa alinyamaza kwa muda mrefu, nami nikadhani anaogopa. Kisha akatazama umande, ambao ulikuwa umekanyagwa mstari mmoja kuteremka mpaka kwa bibi.

"Mimi sijasema kitu," akaniambia. "Umeona mwenyewe."

Na kweli hakusema kitu. Mimi ndiye niliyesema. Nilisema kwa sauti ambayo nyumba nne zilisikia, nikataja mtu, nikataja watoto wangu wawili. Kisha nikaleta mafuta ya taa, mafuta ambayo tuliyapangia foleni siku mbili kwenye duka la kijiji, nikayamimina juu ya zile nyasi nikawasha. Nyasi mbichi haziwaki, zinafuka. Moshi mnene mweupe uliteremka kwenye migomba ukaenda moja kwa moja kwa bibi. Alikuwa amesimama nje kwenye mibuni yake. Alitazama juu, akaona ni nini kinachofuka, akaona ni nani aliyesimama hapo. Kisha akaingia ndani akafunga mlango. Nikasema, mmeona? Mtu asiye na kosa hafungi mlango.

Mume wangu alifika mchana kwa ajili ya sikukuu, akakuta ukoo umejaa uani na jivu limelowa. Alikuwa mtu mpole. Aliniuliza kama nilimwona bibi akiziweka. Nikamwambia mambo hayo hayaonwi. Akakuna kichwa, akasema Tata ni mzee wetu, yeye atajua la kufanya.

Siku ya Noeli tulikwenda misa. Bibi alikuwa benchi lake la mwisho, safari hii peke yake, maana waliozoea kukaa naye walikuwa wamejibana benchi la mbele yake kama samaki wa kukaushwa. Padri alihubiri kwamba Mungu alitupenda bure. Hilo neno bure lilinikera. Katika miaka ile vitu vya bure nilikuwa nimeviona. Ukiambiwa cha bure, kesho unaitwa na jembe. Nikatazama pango la Noeli kando ya altare, na yule mtoto wa udongo kwenye nyasi za kweli, na wachungaji wamemzunguka, na mimi macho yangu hayakwenda kwa malaika. Yalikwenda kwa mama. Nilitaka kujua ni mama gani huyu anayewafungulia wachungaji mlango. Watu wa porini, wasiojulikana, mikono haijaoshwa, wanasema wametumwa na mwanga. Na yeye anawaacha wamkaribie! Mimi ningemwambia mume wangu awaulize barua ya balozi. Nikamkumbatia wangu kwa nguvu mpaka akalia, ikabidi nitoke nje, na mlangoni nikapita nyuma ya bibi bila kumsalimia.

Siku ya tatu, mume wangu akiwa ameshaondoka kurudi kazini, mkunga alikuja kumtazama mtoto. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi na mikono safi. Akaangalia sakafu.

"Mbona hamkutandaza?" akauliza. "Bibi hakukuletea nyasi?"

Nikamwuliza nyasi gani.

"Bojo, jamani, wewe mtu wa mjini! Yule bibi kila nyumba yenye kichanga huipelekea nyasi mkesha wa Noeli. Tangu nianze kazi hii. Anasema mama wa kichanga hawezi kupanda rweya, na Mtoto Yesu akija kumtembelea mwenzake atakanyaga wapi? Anaweka na kahawa kidogo, mgeni asikae mdomo mtupu. Anaziweka kabla watu hawajaamka kwa sababu hataki kushukuriwa. Ni nadhiri yake. Mtoto wake alifariki wiki ya Noeli."

Mtu mwingine hapa angelia. Mimi nilimshuku mkunga. Nilijiuliza anapata nini kwa bibi, mikungu mingapi ya ndizi. Nikamshukuru, nikamsindikiza, kisha nikamfunga mtoto mgongoni nikaenda kuhakikisha. Nyumba ya kwanza mama akasema, ndiyo, mwaka juzi, tulidhani ni katekista, tukatandaza, mume wangu akatafuna kahawa. Nyumba ya pili ndiyo. Ya tatu ndiyo, lakini mtoto wao alifariki Pasaka iliyofuata. Aliposema hivyo nikataka kukimbia. "Alikufa kwa surua," yule mama akasema, akinitazama vibaya, "watoto sita walikufa kwa surua kijiji hiki." Shuka ya shaka haikosi pa kuchomekwa. Ukiitaka, utapata pembe ya kitanda.

Nyumba ya nne ilikuwa ya Tata. Yeye hakuwepo. Mke wake alikuwa anamenya ndizi, akaniambia bila kuinua macho, "Kwangu ziliwekwa mara tatu, kwa watoto wote watatu. Huyu mzee alikuwa anagombania zile kahawa na ndugu zake."

Basi Tata alijua. Siku ile alipozigeuza nyasi kwa fimbo na kunyamaza, hakuwa anaogopa. Alikuwa anafikiri. Nikaanza kuunganisha, maana kazi hiyo naijua. Kamati ya kijiji ilikuwa inatafuta kiwanja cha ghala karibu na barabara. Kibanja cha bibi kilikuwa barabarani. Ghala lingechukua kipande, na kipande kilichobaki, chenye ile migomba minene, kingepakana na nani kama si Tata? Na keshokutwa kulikuwa na baraza la kijiji, ajenda ikiwa usalama, na mimi nilikuwa nimeitwa kutoa maelezo. Bibi angehamishiwa juu rweya, kwenye viwanja vipya vya kijiji, penye upepo mtupu na udongo usioota mgomba. Kwa umri wake ilikuwa sawa na kumchimbia kaburi akiwa anatazama. Na jembe la kuchimbia nilikuwa nimelishika mimi.

Tangu hapo sijawahi kusema kwamba kushuku ni dhambi. Nilimshuku mtu asiyehusika, kisha kushuku kulekule kukanionyesha mtu mwenyewe. Lakini mfikirie: kumshuku mwenye nguvu kulinichukua siku tatu na nyumba nne. Kumshuku bibi asiye na mtu kulinichukua muda wa kufungua mlango.

Baraza lilifanyika kwenye darasa la shule ya msingi. Wazee walikalia madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Mwenyekiti wa kijiji alikaa kwenye meza ya mwalimu, Tata kando yake. Bibi alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, kama kanisani. Mwenyekiti alisema ndugu wananchi, akasema maendeleo, akasema maadui, kisha akaniita.

Nilisimama na mtoto mikononi. Nilisema nilikuta nyasi mlangoni, nikazichoma, nikamtaja mtu ambaye sikumwona. Nikasema sasa nimeulizia, na nyasi hizo huwekwa kila mwaka kwenye nyumba yenye kichanga, na ni zawadi. Darasa likanung'unika. Nikamgeukia Tata. Kwa kawaida mke wa ukoo hasimami mbele ya mkubwa wa ukoo.

"Na wewe Tata unajua," nikasema. "Kwako zimewekwa mara tatu. Kahawa ulizitafuna."

Alicheka polepole. Hakukasirika. Mtu wa namna hiyo akikasirika ni nafuu.

"Mke wa mwanetu amekulia mjini, anajua kusema," akawaambia watu. "Juzi alisema bibi amewala watoto, tukamsikiliza. Leo anasema bibi ni mtakatifu, tumsikilize tena. Sawa." Akanigeukia. "Mikono ya bibi ni safi?"

"Ni safi."

"Basi mpe huyo mtoto amshike. Hapa hapa, tuone. Hujampa mtu yeyote katika ukoo huu, hata mke wangu. Mpe yeye."

Sikuwa nimelitegemea hilo. Nilikuja na maneno, na maneno yangu nilikuwa nimeyasema. Watu wote waligeuka kuniangalia, na yeye akaegemea kiti, kwa sababu alikuwa amenisoma vizuri. Alijua kwamba sitaweza.

Naomba mnielewe hapa, hasa akina mama mnaopenda niseme kwamba moyo wangu ulijaa imani. Haukujaa. Sikuwa na hakika. Nilikuwa na maneno ya mkunga na ya wanawake wanne, mmoja wao mtoto wake amekufa. Nilikuwa na makaburi mawili nyuma ya nyumba. Ningeweza kukaa chini, nikasema mtoto ana baridi, na hakuna ambaye angenilaumu, na bibi angepandishwa rweya na virago vyake kabla ya masika.

Niwaambie mapema yaliyotokea baadaye, msije mkasikiliza haya kwa kungoja nani atakufa. Ghala lilijengwa kwingine. Bibi alifia kwenye kibanja chake, miaka mingi baadaye. Binti yangu ana watoto wake, yuko Muleba, ni mkaidi. Lakini pale darasani mimi sikujua lolote kati ya hayo, na hilo ndilo ninalotaka mlione.

Kutoka mbele ya darasa mpaka benchi la nyuma ni kama hatua kumi na mbili. Nilizitembea. Katika kutembea huko ndipo nilipouelewa mkesha wa Noeli, si siku ile ya mahubiri. Nilikuwa nawaza, nampeleka mwanangu kwenye mikono nisiyoijua. Huenda ni safi. Hilo neno huenda ndilo lililokuwa linanibeba, lile tu. Na nikamwona Mungu, ambaye kwa miaka miwili nilikuwa nimemvizia kama mwizi, naye anatembea na Mtoto mikononi kuja kwetu. Yeye hakuwa na neno huenda. Alikuwa anaijua mikono yetu. Alijua ya nani itamtengenezea kitanda na ya nani itamtengenezea msalaba, tena kwamba mingine ni ileile. Akampa hivyohivyo. Nikaona kwamba kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kushuku, alikuwa yeye, na miaka yote hiyo mimi ndiye niliyekuwa namkagua. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Nilifika mbele ya bibi nikamnyooshea mtoto. Hakumpokea. Alirudisha mikono yake nyuma, akaificha chini ya kanga, akasema kwa Kihaya, kwa sauti ya chini ambayo nadhani mimi peke yangu niliisikia:

"Hapana, bojo. Usinipe."

"Nakupa."

"Akipata homa kesho, mimi nitakwenda wapi?"

Nilikuwa sijafikiria hilo. Nilidhani mwenye cha kupoteza pale ni mimi. Watoto hupata homa. Ningemkabidhi mbele ya kijiji kizima, wiki ijayo mtoto achemke, na baraza lingine lingeitwa, na safari hiyo lisingezungumzia viwanja. Alinitazama, na macho yake niliyatambua, kwa sababu ni macho yangu. Alikuwa ananishuku. Alikuwa anatafuta mtego uko wapi, na alikuwa na haki zote.

"Akipata homa," nikamwambia, "nitasema ni homa."

Akaendelea kunitazama.

"Na akifa?"

Mikono ilikuwa inaniuma kwa kunyoosha.

"Akifa, nitasema amekufa kwa homa. Nitakuja nilie kwako."

Bibi akatoa mikono chini ya kanga. Akaipangusa, mmoja, kisha mwingine, akaiangalia. Ndipo akampokea mwanangu, kiganja kimoja chini ya shingo, kama mtu ambaye hajasahau.